Vumbi la Waamishi na vumbi la kahawa

Kuna tafiti ambazo zikishatoka kwenye jarida hazirudi tena nyumbani. Zinabaki mitaani, zinasimuliwa, zinafupishwa, mpaka mwenyewe aliyezifanya angezisikia asingezitambua. Huu wa watoto wa Waamishi ni mmojawapo. Ulichapishwa Agosti 2016 katika The New England Journal of Medicine, na leo ukikaa na watu waliosoma biolojia kidogo, lazima mmoja atakusimulia: watoto wa shambani hawapati pumu kwa sababu wanavuta vumbi la shamba. Mjini tumezidisha usafi, ndo maana watoto wetu wanakohoa.

Utafiti wenyewe naupenda, na nitaeleza kwa nini. Ninachogombana nacho ni hiyo sentensi moja iliyobaki baada ya kila kitu kingine kusahaulika. Sentensi hiyo ina madhara, hasa ikifika mahali ambapo watu wazima wanavuta vumbi la mazao saa nane kwa siku ili walipwe.

Haya, tuanze na kilichofanyika. Watafiti walichukua watoto 60 tu wa umri wa shule: 30 Waamishi wa jimbo la Indiana na 30 Wahuteri wa South Dakota, Marekani. Hizi ni jamii mbili za Kikristo zilizotoka Ulaya, moja ikiwa na asili ya Uswisi na nyingine Tirol ya Kusini, na kinasaba zinafanana sana. Zinafanana hata kwa maisha. Familia ni kubwa, watoto hunyonya muda mrefu, chakula kina mafuta mengi, maziwa hunywewa bila kuchemshwa, moshi wa sigara ni haba, na mbwa au paka haruhusiwi kulala ndani. Ukitaka kulinganisha watu wawili ili ujue kitu kimoja tu kimeleta tofauti, ni vigumu kupata bahati kubwa kuliko hii.

Tofauti iko kwenye kilimo. Waamishi wana mashamba madogo ya familia ya ng'ombe wa maziwa, na farasi ndiye trekta na ndiye gari. Zizi liko karibu na nyumba, na mtoto huingia humo tangu mdogo. Wahuteri wanalima kwa ushirika, mashamba makubwa yenye mashine za kisasa. Mifugo iko mbali na makazi na watoto wadogo hawaendi huko.

Sasa tazama pumu. Takwimu za awali za watoto wa shule katika jamii hizi zilionyesha asilimia 5.2 kwa Waamishi na asilimia 21.3 kwa Wahuteri. Kwenye wale 60 wa utafiti huu, hakuna hata mtoto mmoja wa Kiamishi aliyekuwa na pumu. Wahuteri walikuwa sita. Watafiti wakakusanya vumbi kutoka nyumba za pande zote mbili, wakapima endotoksini. Hivi ni vipande vya ukuta wa nje wa aina fulani za bakteria, ambavyo hubaki kwenye vumbi hata bakteria wenyewe wakishakufa, na mwili wetu huvitambua kama alama ya "kuna adui". Nyumba za Waamishi zilikuwa nazo mara 6.8 zaidi.

Halafu ikaja hatua ninayoiheshimu zaidi. Hawakuishia kusema "hiki kinaendana na kile". Walichukua vumbi la nyumba za Waamishi, wakalitengenezea maji yake, wakawadondoshea panya puani kila baada ya siku mbili tatu kwa zaidi ya mwezi, huku wakiwachokoza na protini ya yai ili wapate kitu kinachofanana na pumu ya mzio. Panya waliopewa vumbi la Waamishi walikingwa. Vumbi la Wahuteri halikuwakinga. Na walipotumia panya waliokosa protini mbili muhimu zinazopeleka taarifa ya "kuna bakteria" ndani ya seli, kinga ile ikapotea. Yaani walionyesha mlango ambao kinga inapitia. Mwaka mmoja kabla, kundi la Ubelgiji lilikuwa limechapisha katika jarida la Science matokeo ya panya yanayoelekea huko huko: endotoksini kidogo kidogo, kwa muda mrefu, hutuliza seli za ukuta wa njia ya hewa zisishtukie kila kitu.

Kazi safi. Shida inaanza na neno "shamba".

Soma tena maelezo ya hapo juu. Lile vumbi halikutoka shambani. Lilitoka ndani ya nyumba, kwenye vyumba ambamo watu wanakaa na kulala. Ni chembe zilizoingia na viatu, nguo na upepo kutoka zizini, zikatua polepole na kuchanganyika na nyuzi za mablanketi na ngozi za watu. Hakuna aliyempeleka panya kwenye ghala la nafaka wakati wa kupakua. Hakuna aliyemsimamisha kwenye banda la kuku elfu kumi akafagie. Kuliita lile "vumbi la shamba" ni kama kuita harufu ya pilau iliyoingia sebuleni "pilau", kisha ukamwambia mgeni ameshakula.

La pili ndilo linalonishangaza zaidi, maana liko wazi kabisa na bado tunalipita. Wahuteri nao ni wakulima! Wana mashamba, wana mifugo, wana vumbi, tena la mashine kubwa. Kama vumbi la shamba kwa ujumla wake lingekuwa kinga ya pumu, watoto wao wasingekuwa na pumu mara nne ya wenzao. Utafiti unaotajwa kama ushahidi kwamba shamba linakinga, nusu ya watoto wake ni wa wakulima na hawakukingwa. Uliposimuliwa upya, Wahuteri wakageuzwa "watu wa kisasa", halafu wakafutwa kwenye shamba.

Kuna na suala la hesabu, ambalo ningependa wanafunzi wa mwaka wa kwanza walitazame. Watoto ni 60, lakini jamii ni mbili. Kila kitu kinachotofautisha Indiana na South Dakota, au kijiji cha familia na kijiji cha ushirika, kimesimama nyuma ya ile namba 6.8. Watafiti walilijua hilo, ndiyo sababu wakaenda kwa panya. Ila panya alijibu swali moja tu: je, vumbi hili linaweza kukinga dhidi ya mzio? Jibu ni ndiyo, kwa panya. Hakuulizwa kama vumbi hilo ndilo pekee lililofanya kazi kwa mtoto.

Tena tujiulize, kukingwa dhidi ya nini na lini? Utafiti mwingine maarufu, uliotoka kwenye The Lancet mwaka 2001 ukihusu watoto wa vijijini Austria, Ujerumani na Uswisi, ulionyesha kwamba faida kubwa ilikuwa kwa waliokuwa wakipelekwa zizini na kunywa maziwa ya shambani katika mwaka wao wa kwanza wa maisha. Mwaka wa kwanza. Wakati ambapo mfumo wa kinga bado unajifunza nani rafiki na nani mwizi. Na ugonjwa unaozungumziwa zaidi ni pumu ya mzio, ile inayoendana na chavua, manyoya ya paka na wadudu wadogo wa vumbi la nyumbani. Mapafu yana njia nyingine nyingi za kuumia.

Hapo ndipo endotoksini ile ile inapobadilika sura.

Madaktari walijua kuhusu vumbi la mazao muda mrefu kabla hawajajua bakteria ni nini. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia ambaye kitabu chake cha mwaka 1700 ndicho kinachohesabika kuwa mwanzo wa tiba ya kazini, aliandika juu ya wapepetaji na wapimaji wa nafaka na vifua vyao. Mwaka 1932 daktari mmoja wa Uingereza, Campbell, alieleza wakulima waliougua ghafla baada ya kushika nyasi kavu zilizoota ukungu kufuatia mavuno yenye mvua. Ugonjwa huo leo unaitwa pafu la mkulima. Hauna uhusiano na usafi wa mjini: ni mwili unaokasirikia chembe za vijidudu vinavyoota kwenye nyasi, na mtu akiendelea kuzivuta, pafu huweza kubaki na makovu.

Halafu kuna ugonjwa wa wafanyakazi wa pamba. Huu una tabia moja ya ajabu. Mtu anapumzika Jumapili, Jumatatu anarudi kiwandani, kifua kinabana. Jumanne afadhali. Ikifika Alhamisi hana habari nao. Jumatatu ijayo, tena. Endotoksini iliyomo kwenye vumbi la pamba ndiyo mtuhumiwa mkubwa. Hapa Tanzania watafiti wamekuta dalili za namna hiyo kwa wafanyakazi wa mkonge, hasa wale wanaosugua nyuzi kavu kwa mashine za brashi, chumba ambacho hewa yake unaiona kwa macho.

Hebu tulia kidogo kwenye hiyo Jumatatu, maana ina siri. Kila mahali penye vumbi utasikia neno moja: "nimeshazoea". Mpura maharage amezoea, mfanyakazi wa mashine ya kukoboa amezoea, fundi wa kuchanganya chakula cha kuku amezoea. Na kweli, ndani ya wiki mwili unaacha kulalamika. Seli zilizokutana na endotoksini mara kwa mara hupunguza kelele, jambo ambalo maabara imelithibitisha miaka mingi. Hata kile kilichoonekana kwa wale panya wa Waamishi ni jamaa yake wa karibu: king'ora kimepunguzwa sauti. Ila kupungua kwa sauti ya king'ora hakumaanishi moto umezimika. Wafanyakazi wa pamba waliofuatiliwa miaka mingi walikutwa wakipoteza uwezo wa mapafu kwa kasi zaidi kuliko wenzao, hata pale ambapo dalili za kila siku zilikuwa zimetulia.

Kuna mtego mwingine humo humo. Ukienda kiwandani leo ukawapima waliopo, utakuta watu wana afya kiasi. Mbona? Kwa sababu waliokohoa sana walishaacha kazi wakaenda kuuza nyanya. Waliobaki ni wale ambao vifua vyao vilistahimili. Wataalamu wana jina la jambo hili, lakini jina si muhimu. Muhimu ni kwamba mwenye kiwanda anaweza kukuonyesha mzee aliyefanya kazi miaka thelathini bila kuugua, asikuonyeshe hata mmoja wa walioondoka. Mtego huo uliwasumbua pia watafiti wa watoto wa mashambani Ulaya: huenda familia zenye pumu ziliacha kufuga.

Sasa tuje kwenye kahawa, kwa sababu hapa tuna vipimo vya kwetu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili pamoja na wenzao wa Bergen, Norway, walichapisha vipimo vya vumbi na endotoksini walivyochukua kwenye viwanda vya kukoboa kahawa ya robusta na ya arabika nchini. Walimvalisha mfanyakazi kifaa karibu na pua, si kuweka kipimo ukutani. Robusta ilikuwa na endotoksini nyingi kuliko arabika kwa mbali. Sababu yake inaeleweka hata bila darubini. Arabika kwa kawaida humenywa na kuoshwa ikiwa bado mbichi, ndipo inaanikwa. Robusta ya Kagera huanikwa na ganda lake, siku nyingi, mara nyingi chini, na ganda tamu lenye unyevu ni shamba la bakteria. Inapofika kiwandani imekauka, inapasuliwa, na kila kilichoishi juu yake kinakuwa hewa.

Ili upate kipimo cha kulinganisha: baraza la afya la Uholanzi lilipendekeza mwaka 2010 kwamba mfanyakazi asivute zaidi ya vizio 90 vya endotoksini katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, wastani wa saa nane. Viwanda vyetu vya kahawa vilipita hapo si kwa mara mbili wala tatu. Vilikuwa mbali kabisa, robusta mbali zaidi. Na wafanyakazi hao waliripoti dalili za kifua kuliko watu waliolinganishwa nao ambao hawafanyi kazi kwenye vumbi hilo.

Kitu kile kile kilichosifiwa Indiana. Molekuli ile ile. Kilichobadilika ni kiasi, umri wa anayevuta, njia iliyopita, na ugonjwa unaoutafuta. Mtu anayekwambia "vumbi la shamba ni kinga" amefuta yote manne.

Huenda mtu akasema: lakini hata Afrika watoto wa vijijini wana pumu kidogo kuliko wa mjini. Kweli, ushahidi upo. Utafiti wa Kenya uliotoka kwenye jarida la Thorax mwaka 1998 uliwakimbiza watoto wa shule za Nairobi na za Murang'a kisha kupima pumzi zao. Njia za hewa zilibana kwa karibu watoto 23 katika kila 100 wa mjini, na 13 wa kijijini. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini kati ya Nairobi na Murang'a kuna magari, kuna minyoo, kuna chakula, kuna aina ya nyumba, kuna kuni jikoni. Kuchukua jibu la Waamishi, ambao hawapiki kwa mafiga matatu, ukalibandika Murang'a, ni uvivu. Tena mtoto huyo wa kijijini aliyekingwa na mzio anaweza kuwa ndiye anayeugua nimonia kwa moshi wa jikoni. Vumbi na moshi havipangi foleni.

Nadhani sehemu ya tatizo ni lugha tunayotumia sisi tunaoandika sayansi. Wazee wetu walikuwa na maneno ya kutosha: makapi, pumba, wishwa, chenga, kumvi. Kila kimoja kina mahali pake, kimoja ng'ombe anakula, kingine unatupa, kingine unafunikia kuku. Kikiingia hewani tu, vyote tunaviita vumbi. Na vumbi la barabara ya Dodoma kiangazi ni mchanga mtupu. La mpunga lina silika. La banda la kuku lina kinyesi, manyoya na endotoksini. La mahindi yaliyolowa ghalani lina fangasi. Mwandishi wa habari akisema "vumbi" bila kusema la nini, hajasema kitu.

Kwa nini haya yananikera kiasi hiki? Kwa sababu hadithi tamu za sayansi huwa na wateja. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri wa Tanzania alinde afya ya mtu aliyemwajiri, na sheria ya fidia ya mwaka 2008 inatambua magonjwa yatokanayo na kazi. Lakini kibarua wa msimu anayekohoa mezani kwa msimamizi anahitaji mtu aamini kwanza kwamba vumbi ndilo limemuumiza. Akijibiwa "hilo ni vumbi la mazao tu, la asili, lina faida hata kwa watoto, Wazungu wamethibitisha", atasema nini? Na mwenye heka moja anayepura mahindi yake nyuma ya nyumba hana hata mwajiri wa kumlalamikia. Anafunga kanga puani, ambayo inazuia makapi lakini inaachia chembe ndogo kuliko unene wa unywele mara kumi, zile hasa zinazofika ndani ya pafu.

Watafiti wa 2016 hawakuandika kwamba watu wavute vumbi. Walichofungua ni mlango wa kutafuta ni kiambato gani ndani yake kinachofundisha kinga ya mtoto, ili siku moja kitolewe peke yake, kwa kipimo, bila kinyesi na ukungu. Hiyo ni kazi ya maabara na itachukua muda wake.

Cha kiwandani hakihitaji kusubiri. Kahawa ikianikwa kwenye vichanja badala ya ardhini inakauka upesi na kubeba uchafu mdogo. Mashine ya kukoboa ikifungwa mfuniko na bomba la kufyonza pale pale vumbi linapotokea, hewa hubadilika siku hiyo hiyo. Sakafu ikisafishwa kwa maji au kwa mashine ya kufyonza, yule mama wa ufagio hatakuwa tena mtu anayekula vumbi kuliko wote jengoni.